Mstari Mtupu katika Kitabu cha Ubatizo

Ndugu vijana, katika familia nyingi za nchi yetu kuna jambo moja lisilotajwa wakati wa chakula. Wakubwa wanalijua, wadogo wanalihisi, na kila mtu hupita kando yake kama watu wanavyolikwepa shimo la uani usiku. Sisi tunaoandika haya ni wajukuu wa nyumba moja ya Kalemie, isiyo mbali na reli. Wengine wetu ni watoto wa baba mkubwa, wengine wa baba mdogo, wengine wa shangazi. Lakini tangu utotoni tumekula bukari na ndagala katika sahani moja kubwa, na hakuna aliyetufundisha kuitana kwa jina lingine ila ndugu. Tunaandika kwa ridhaa ya koko, mama aliyewazaa wazazi wetu. Alituambia: «Semeni, lakini msitaje majina. Wengine wenye majina wamekufa, na mtu aliyekufa hana namna ya kujieleza.»

Jambo letu lilianza kwa karatasi.

Baba mkubwa ni mwalimu mstaafu. Kwa zaidi ya miaka thelathini aliishi na mke wake kwa ndoa ya kiukoo: mahari ilitolewa, wazee walikubaliana, watoto sita walizaliwa, lakini ndoa ya Kanisa iliahirishwa mwaka baada ya mwaka. Mara fedha hazikutosha, mara vita vilifika, mara msiba ulitokea. Kila Jumapili wote wawili walifika kwenye Misa, na wakati wa komunyo walibaki wameketi kwenye benchi lao. Miaka michache iliyopita baba mkubwa alituambia kwamba amechoka kubaki kwenye benchi. Alikwenda kumwona paroko, naye alimwomba, kama ilivyo desturi, alete cheti cha ubatizo kilichotolewa upya na parokia alikobatiziwa. Cheti chake cha zamani kilipotea mwaka 1998, familia ilipoukimbia mji. Basi barua ikaandikwa kwenda upande wa Kindu, huko Maniema, ambako koko alizaliwa na ambako alisema mtoto wake wa kwanza alibatiziwa.

Jibu lilifika baada ya miezi minne, mkononi mwa mfanyabiashara mmoja. Baba mkubwa alilifungua akiwa amesimama mlangoni, nasi wengine tulikuwa uani. Cheti kilisema mambo matatu. Kwanza, mtoto yule alizaliwa mwaka 1965 na kubatizwa mwaka 1966. Lakini kadi ya baba mkubwa, kama karatasi zake zote, inasema alizaliwa mwaka 1968. Pili, jina alilobatiziwa, baada ya lile la mtakatifu, halikuwa jina tunalolijua. Tatu, mahali pa jina la mama palikuwa na jina la koko, herufi kwa herufi, lakini mahali pa jina la baba palikuwa na mstari mmoja tu wa kalamu.

Alikisoma mara mbili, akakikunja. «Basi,» alisema, «nimezeeka miaka mitatu kwa asubuhi moja.» Alicheka peke yake. Jioni ile hakukalia kiti cha babu.

Tueleze habari ya kiti hicho. Ni kiti cha mbao chenye mikono, ambacho babu alijitengenezea alipokuwa fundi wa reli. Tangu alipofariki, baba mkubwa, akiwa mzaliwa wa kwanza, ndiye aliyekikalia wakati wa mikutano ya familia. Hakuna aliyekuwa ameamua hivyo. Ilikuwa hivyo tu. Jioni ile alichukua kigoda cha jikoni, akaketi karibu na mlango kama mgeni. Kiti kilibaki kitupu, na kila mmoja wetu alikitazama, akajifanya hakukiona.

Katika nyumba kama yetu karatasi haifichiki. Kabla ya juma kwisha, baba mdogo alikuwa amekwisha kujua. Tunampenda baba mdogo, naye ametulipia karo wengi wetu. Hatuandiki haya ili kumhukumu. Lakini siku zile palikuwa na mazungumzo juu ya nyumba ya babu: nani atakayeshika karatasi za kiwanja, nani atakayeamua kama vyumba vya nyuma vikodishwe. Jumapili moja, baada ya chakula, baba mdogo alisema neno ambalo halirudi likishatoka. Alisema kwamba nyumba ya mtu husimamiwa na damu ya mtu huyo. Tena, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, hakumwita kaka yake «Yaya». Alimwita kwa jina lake, kama vile mtu anavyomwita jirani.

Hapo sisi wajukuu tulitazamana. Kama baba mkubwa hakuwa wa damu hii, basi watoto wake sita walikuwa nani? Ndugu zetu wale tuliolala nao kwenye mkeka mmoja, waliokuwa wameketi nasi dakika ile, walikuwa wameshika vijiko na hawali. Neno «sisi», ambalo hatukuwahi kulifikiria, lilikuwa limepasuka katikati ya mlo.

Koko alikuwa chumbani. Tulidhani amelala. Alitoka akishika ukuta, akaomba aletewe maji, akanywa, ndipo akasema: «Ketini. Wote. Na watoto pia wabaki.»

Kabla ya kusimulia aliyoyasema, ni lazima tuwakumbushe vijana wenzetu yaliyotokea mwaka 1964, kwa maana shuleni wengi wetu tuliyapita kwa haraka. Uhuru ulikuwa na miaka minne tu. Patrice Lumumba alikuwa ameuawa tarehe 17 Januari 1961, na watu wengi waliona kwamba matumaini ya uhuru yalizikwa pamoja naye. Pierre Mulele aliwasha uasi kule Kwilu. Upande wa mashariki uasi uliongozwa na watu kama Gaston Soumialot na Nicolas Olenga. Uvira ilitwaliwa mwezi Mei 1964, na mwezi Juni mji wetu, ambao wakati ule uliitwa Albertville. Kindu ilifuata mwezi Julai, na Stanleyville, yaani Kisangani ya leo, mwanzoni mwa Agosti. Wapiganaji waliitwa Simba. Wengi wao walikuwa vijana wa umri wetu, na wengine watoto kabisa. Walinyunyiziwa maji ya dawa, wakaambiwa kwamba risasi zitageuka maji, wakakimbilia bunduki wakipiga kelele za «Mai Mulele». Lakini dawa ilikuwa na masharti, na mojawapo lilikuwa hili: mpiganaji asimguse mwanamke. Akimgusa, dawa inakufa.

Makarani, walimu na watumishi wa serikali waliwindwa. Waliitwa PNP, kwa herufi za chama cha siasa kilichohesabiwa kuwa rafiki wa wakoloni, hata kama wengi wao hawakuwahi kuwa wanachama. Kuvaa miwani au kuwa na kalamu mfukoni kulitosha kumtia mtu mashakani. Huko Kindu na Stanleyville watu wengi wa namna hiyo waliuawa hadharani. Tarehe 1 Desemba mwaka ule, huko Isiro, kiongozi mmoja wa wapiganaji alimuua sista kijana Anuarite Nengapeta kwa sababu alimkataa. Kanisa lilimtangaza mwenye heri mwaka 1985. Tunayakumbuka hayo kwa makusudi, ili mtu asidhani tunapamba vita. Vita vile vilikuwa na damu, na damu ile ilikuwa ya watu.

Baba wa koko alikuwa karani. Koko mwenyewe alikuwa na miaka kumi na saba.

«Alikuja kwetu kuomba maji ya kunywa,» koko alianza. «Wengine waliingia kwa kupiga teke mlango, yeye alipiga hodi. Alikuwa amesoma shule ya misioni mpaka darasa la sita. Alikuwa na jani kichwani kama wote, na mkuki, lakini viatu hakuwa navyo. Alirudi kesho yake, na keshokutwa. Mara nyingine hakuwa na neno. Alikaa chini ya mwembe akanitazama nikitwanga.»

Mmoja wetu alitaka kujua walizungumza nini. Koko alifikiri kwa muda mrefu. «Mambo ya shule,» alijibu. «Aliniuliza kama nimesikia lini shule zitafunguliwa.»

Usiku mmoja wa mwezi Septemba kijana yule alifika bila mkuki. Alimwambia baba wa koko kwamba jina lake limeandikwa, na kwamba watakuja kabla ya mapambazuko. Mtumbwi ulikuwa tayari kwenye Lualaba. Karani yule alivuka mto akashuka upande wa Alunguli, akaingia msituni. Alitoka huko miezi miwili baadaye, amekonda, mzima. Wapiganaji walipofika asubuhi walikuta mke na binti. Kijana alikuwa miongoni mwao, na hakumtazama mtu usoni.

«Mlishawahi kujiuliza,» koko alituuliza, «kwa nini nyinyi mpo? Baba yangu angekufa usiku ule, mama yangu asingeishi mwezi. Alikuwa mtu wa moyo mwepesi.»

Hapo mjukuu mmoja wa kike, anayesomea uuguzi, aliuliza swali ambalo sisi wote tulikuwa nalo kooni. Aliuliza kwa upole kama kijana yule alimlazimisha.

Ndugu vijana, hapa ni lazima tuungame. Tulitamani koko ajibu ndiyo. Ni jambo la kutisha kulisema, lakini ni kweli. Kama angejibu ndiyo, tungelia pamoja naye, tungemwonea huruma, baba mdogo angenyamaza, na hadithi ingekuwa na mwenye kosa mmoja aliye mbali. Tulitaka maumivu yake ili sisi tupate nafuu.

«Hapana,» koko alisema. «Hakunilazimisha. Nilimpenda.»

Kimya kilikuwa kirefu. Kisha akaendelea, bila kuinua sauti: «Ndiyo sababu nilinyamaza. Wale waliolazimishwa, nao waliteseka kuliko mimi, na wengi waliokoka kwa kunyamaza. Lakini siku ambapo mmoja wao alisema, watu walau walijua wamhurumie. Mimi ningesema nini? Kwamba wakati watu wanazikwa, mimi nilikuwa nikisubiri hodi ya mtu mmoja? Kwamba shangazi yangu alimpoteza mume wake mikononi mwa Simba, na mimi nilikuwa na mtoto wa Simba tumboni, nami simchukii? Yeye alivunja sharti la dawa kwa ajili yangu, na alijua maana yake. Na msinifanye niseme alikuwa mtakatifu. Kwetu alipiga hodi. Sijui mikono yake ilifanya nini mahali pengine. Nimemwombea miaka yote hii kwa sababu sijui.»

Mwanzoni mwa Novemba 1964 jeshi la serikali pamoja na mamluki liliingia Kindu. Waasi walitawanyika. Kijana yule aliondoka na wenzake kuelekea msituni, na tangu siku ile koko hakumwona tena, wala hakusikia habari zake. Hakuacha picha, wala barua. Aliacha swali la shule na mtoto ambaye hakujua kwamba atazaliwa.

Sasa mtaelewa hatari iliyokuwapo. Baada ya ushindi wa serikali, kuitwa Simba kulitosha kumpoteza mtu, na ndugu za Simba hawakuwa salama. Mtoto alizaliwa katikati ya mwaka 1965. Baba wa koko, yule karani aliyevushwa mto, ndiye aliyempeleka mjukuu kubatizwa mwaka 1966. Padri alipouliza jina la baba, mzee yule alijibu kwamba halijulikani. Alikuwa analijua vizuri. Lilikuwa jina la mtu aliyemwokoa. Alilificha ili mtoto aishi. Hivyo ndivyo mstari ule mtupu ulivyochorwa. Sisi tulipouona tulisoma aibu. Kumbe uliandikwa kwa shukrani na kwa hofu, na vyote viwili vilikaa katika nafasi ya neno moja.

Mwaka 1967 fundi mmoja wa reli, rafiki mdogo wa yule karani, alikuja kuposa. Huyo ndiye babu yetu. Aliambiwa kila kitu kabla ya kutoa mahari. Koko anakumbuka jibu lake: «Mahari yangu ni ya watu wawili.» Alihamishiwa Kalemie, na familia ikasafiri kwa njia ya reli inayopita Kongolo na Kabalo mpaka ziwani, mahali ambapo hakuna aliyewajua. Ndani ya treni walikubaliana kwamba mtoto atahesabiwa kuwa amezaliwa baada ya ndoa. Alikuwa mdogo wa mwili, kwa hiyo watu waliamini. Kisha mwaka 1972, utawala wa Mobutu ulipowaagiza raia wote waache majina ya kigeni na kuchukua majina ya asili, babu alikwenda ofisini pamoja na umati wa watu wengine, akamwandikisha mtoto kwa jina la baba yake mwenyewe, na kwa mwaka wa 1968. Hakuna karani aliyeuliza lolote. Nchi nzima ilikuwa ikibadili majina siku ile. Jina moja zaidi halikuonekana.

Baba mkubwa alikuwa amesikiliza yote hayo akiwa ameinamisha kichwa. Sasa aliuliza, kwa sauti ambayo hatukuwahi kuisikia kwake, sauti ya mtoto: «Mama, kwa nini hukuniambia?»

«Ningekuambia lini?» koko alijibu. «Ulipokuwa mdogo, ungelisema neno lile shuleni wakatuchukua. Ulipokuwa kijana, baba yako aliniomba ningoje, kwa maana aliogopa utakwenda kumtafuta mtu ambaye hayupo. Mwaka wa 1997, Laurent-Désiré Kabila akawa rais, naye alikuwa mtu wa uasi ule ule. Watu walioficha kwa miaka thelathini wakaanza kujisifu kwamba baba zao walikuwa Simba. Nikasema, sasa je? Lakini niliona aibu kukugeuza uwe karatasi ya kuombea kazi. Mwaka uliofuata vita vilirudi. Baadaye baba yako alifariki. Baadaye nikazeeka, nikasema nitakufa nayo. Nisamehe. Kuficha kwa mwaka wa kwanza kulikuwa kwa ajili yako. Miaka ya mwisho kulikuwa kwa ajili yangu.»

Tumelitafakari sana jibu hilo. Kuna siri inayofunika kama paa, na kuna siri inayofunga kama kufuli, na mara nyingi ni siri ile ile moja. Wakati ndio unaoibadilisha. Babu na koko hawakukosea mwaka 1967. Waliokoa mtoto. Lakini ngao ambayo mtu haiweki chini hata baada ya vita humzuia asimkumbatie mtoto wake. Baba mkubwa alitwambia baadaye kwamba siku zote alihisi kuna mlango nyumbani ambao hajawahi kuufungua, na kwamba alijidhania yeye ndiye mwenye kasoro.

Baba mdogo naye alikuwa kimya. Koko alimgeukia. Hakumkaripia. «Wewe unasema habari za damu,» alimwambia. «Siku ulipozaliwa, baba yako alikuwa amekwisha kuwa baba kwa miaka kadhaa. Alijifunzia kwa huyu. Mkono uliokubeba wewe ulikuwa umezoea kubeba mtoto.» Baba mdogo aliinuka, akachukua kofia yake, akatoka. Kwa majuma mengi hakurudi.

Katika majuma hayo sisi vijana tulitafuta pa kushikia. Mmoja wetu anayesoma sheria alituonyesha kwamba Sheria ya Familia ya nchi yetu, ya tarehe 1 Agosti 1987, inataka kila mtoto wa nchi hii awe na baba, na haimruhusu mtu kumkana mtoto wake eti kwa sababu amezaliwa nje ya ndoa. Mtoto aliyepokewa na baba mbele ya ukoo na mbele ya serikali si mgeni katika nyumba. Ni vizuri kujua hayo, maana yatima na wajane wengi hunyang'anywa haki zao kwa neno hilo hilo la damu. Lakini sheria haiwezi kumfanya mtu amwite mwenzake Yaya.

Tulirudi pia kwenye ukurasa wa kwanza wa Injili ya Matayo, ule ambao wengi wetu huuruka kwa sababu umejaa majina. Katika orodha ile ya mababa wa Yezu mwandishi ametia wanawake ambao familia nyingine ingewaficha: Tamari, Rahabu, Ruta mgeni kutoka Moabu, na yule aliyekuwa mke wa Uria. Hakuwafuta. Na orodha inapofika mwisho, inafika kwa Yozefu, fundi wa mbao, ambaye mtoto hakutoka katika damu yake, na ambaye aliambiwa na malaika ampe mtoto jina. Kumpa jina ndiko kulikomfanya baba mbele ya watu, na kwa njia yake Yezu akahesabiwa katika ukoo wa Daudi. Hatumfananishi babu na Yozefu. Babu alikuwa mkali, na alipenda pombe ya mahindi siku za malipo. Tunasema tu kwamba alifanya kazi ile ile.

Paroko, alipoonyeshwa cheti, hakushangaa. Alisema kwamba katika vitabu vya miaka ile mistari mitupu ni mingi. Alisema pia kwamba ili ndoa ibarikiwe, Kanisa linahitaji kujua kama mtu amebatizwa. Halimzuii kwa sababu ya kalamu iliyonyamaza kwenye jina la baba. Siku ya ndoa ikapangwa.

Misa ilikuwa asubuhi. Koko alikaa mbele, ameshikiliwa na wajukuu wawili. Baba mkubwa na mke wake walipokwenda kupokea komunyo pamoja, baada ya miaka yote ile ya benchi, watu wa jumuiya yetu walianza kupiga vigelegele kabla ya wakati wake, na paroko hakuwazuia. Baba mdogo hakuwapo kanisani.

Alifika nyumbani wakati wa chakula. Alisimama kwanza mlangoni, kofia mkononi. Kisha alipita katikati yetu bila kumsalimu mtu, akaingia ndani ya nyumba. Tulisikia kitu kikiburutwa. Akatoka na kiti cha babu, akakiweka kwenye kichwa cha meza, akakipangusa kwa mkono wa koti lake.

«Yaya,» alisema, «keti.»

Hatutaki mdhani kwamba kila kitu kilikwisha hapo. Neno lililosemwa Jumapili ile bado lipo, na watoto sita walilisikia. Karatasi za kiwanja hazijagawanywa. Wazee wameamua kwamba jambo hilo lingoje maadamu koko yu hai. Baba mkubwa amebaki na miaka yake ya kadi, lakini mwezi Juni tunamwimbia kwa umri wake wa kweli, naye hujifanya amekasirika. Mwaka jana alimwomba koko amtajie jina la kijana yule, nao wakaingia chumbani wawili tu. Jina hilo sisi hatulijui. Tunajua tu kwamba Novemba, mwezi wa kuwaombea marehemu, bahasha ya nia ya Misa kutoka nyumbani kwetu ina jina moja zaidi, limeandikwa kwa mkono wa mwalimu.

Ndugu vijana, mikoa yetu ya mashariki haijapata amani ya kudumu tangu mwaka 1996. Katika kila mji kuna watoto waliozaliwa vitani. Wengi wao hawakutokana na upendo bali na jeuri, na mama zao hawadaiwi maelezo na mtu yeyote. Mama ana haki ya kunyamaza kwa kadiri anavyohitaji ili aishi. Wengine, kama baba mkubwa, wametoka katika jambo lenye utata zaidi. Wote huketi kando yetu kwaya inapoimba, na wote husikia tunayoyasema tunapodhani hawasikii: «mtoto wa adui», «mtoto wa msituni», «huyo si wa hapa».

Tunapendekeza basi kwamba katika mkutano wenu ujao mjiulize mambo machache. Ni neno gani tunalolitumia kwa watoto hao, na nani amelisikia kutoka kinywani mwetu? Je, tuna wazee ambao wangependa kusema jambo kabla ya kufa, lakini hatujawahi kuketi nao bila haraka? Nasi tukiwauliza, tunataka kweli yao, au tunataka jibu litakalotupa nafuu sisi?

Koko bado anaishi. Jioni hukaa uani, akitazama upande wa ziwa. Tulipomsomea maandishi haya, alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasahihisha jambo moja tu. Alisema: «Mmeandika kwamba alipiga hodi. Andikeni kwamba nilimkaribisha.»